Shamba la Viazi Lililo Chini ya Barafu

Mlango, Santtu! Funga mlango. Miaka miwili unalala chumba kilicho juu ya kichwa changu na bado hujajua kwamba huko nje baridi inapasua miti, na kuni zangu hazijikati zenyewe. Haya, keti. Aapeli, msogezee mwenzako kiti. Raili, acha kuninyoosha shuka, mimi si meza ya wageni. Osmo, toka hapo dirishani uje nikuone uso, maana leo nina neno na wewe. Na wewe Urho Tikka, vua kofia, hapa si kwenye mikutano yako. Heli, nesi wangu, acha kunipima mapigo, yatasimama yenyewe bila saa yako, chukua kalamu. Sheria yetu inamruhusu mgonjwa aliyeishiwa nguvu aseme wosia wake kwa kinywa mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu, na nyinyi wawili, wewe na huyu mzee, hapa hamrithi chochote ila kahawa mtakayokunywa. Basi nisikilizeni nyote mliomo humu jikoni, wale niliowazaa na wale niliowapikia, na mtu asinikatize, kwa kuwa pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kugawia.

Nianze na vitu, maana vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni ya Raili, na paa lake linalovuja upande wa kaskazini ni la Raili vilevile. Sauna ya ziwani na boti ni vya Osmo, kwa sharti kwamba kila kiangazi dada yako aingie humo kuoga mvuke bila kukuomba ufunguo kama mgeni. Msitu mgawane nusu kwa nusu, na mkigombana juu ya mpaka, mpaka ni ule mti wa msonobari uliopigwa radi, baba yenu aliwaonyesha mkiwa wadogo na nyinyi mkawa mnarushiana theluji. Cherehani yangu, niliyoshonea jezi za Hukat, timu yetu ya magongo ya barafuni, kwa miaka arobaini, apewe yeyote anayejua kutia uzi kwenye sindano, kwa hiyo si wewe, Raili. Na ubao wangu wa kusukumia unga apewe Santtu. Msicheke! Huyu golikipa ana vidole vinene kama soseji, lakini ndiye peke yake katika nyumba hii aliyejifunza kukunja kingo za vikate vya wali kama wanavyokunja kwetu Karelia, na mimi nilikuwa nimekata tamaa kwamba jambo hilo nitaondoka nalo.

Sasa tuje kwenye jambo zito.

Mnajua timu ilivyokaa. Mwenye nusu ya Hukat alifilisika msimu wa vuli, na nusu hiyo ikanunuliwa na yule tajiri wa kusini ambaye hajawahi kusimama kwenye jukwaa letu hata mechi moja. Nusu nyingine iko mikononi mwa chama cha watu wa hapa Kuusiranta, wenye mapenzi mengi na mifuko mitupu. Tajiri hataki Kuusiranta. Anataka nafasi yetu katika ligi ya kulipwa aihamishie mjini kwake, na anataka vijana wetu saba waliosaini mikataba, hawa wawili wakiwamo, ambao watu kutoka nchi za mbali huja na madaftari kuwatazama wakiteleza. Atachukua wanne, watatu atawaacha njiani. Usinitazame hivyo, Aapeli, nimesema ukweli unaoujua. Hukulala juzi, niliusikia mguu wako ukigonga sakafu mpaka asubuhi. Kinachomzuia ni kitu kimoja tu, kwamba ukumbi wa barafu umesimama juu ya shamba langu la viazi, na katika karatasi niliyolitolea shamba hilo mwaka sitini na nane kuna neno moja. Timu ikikosa ukumbi haina pa kuchezea, na timu isiyo na pa kuchezea, kwa kanuni za ligi, huhamishwa. Kwa hiyo leo watu wazima, pamoja na wakili wa tajiri, wanagombania neno nililoliandika kwa penseli mimi mwenye darasa saba.

Neno hilo ni "mlelewa".

Osmo na Raili wanaijua hadithi, ila hawa vijana hawaijui, kwa hiyo vumilieni. Nilikuwa na miaka minane tulipokimbia kwetu Karelia, mpakani na Urusi, vita vilipotufukuza mara ya pili. Mama alifia njiani, baba sikumwona tena. Tulishushwa kwenye treni hapa stesheni ya Kuusiranta, watu na ng'ombe pamoja, na wenyeji wakaja kuchagua. Hilja, mjane, mwenye miguu mirefu na ulimi mfupi, alikuja kutafuta ng'ombe wa maziwa. Wakamwambia, "Ng'ombe wamekwisha, mama. Amebaki huyu." Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Mfuko wako ni huo tu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Afadhali, njia ni ndefu," akaubeba yeye.

Alinilisha, akanivisha, akanipeleka shule. Lakini mgeni akija na kuuliza mimi ni nani, Hilja alijibu, "Huyu ni mlelewa wangu." Hata siku moja hakusema "binti yangu". Shuleni waliniita Mrusi, na hilo lilinipita, niliwapiga wawili wakanyamaza. Neno la Hilja ndilo lililonikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikiwa na miaka kumi na sita, tukichimba viazi kwenye shamba hilohilo, nilimtupia jembe miguuni nikamwambia, "Umeshinda miaka yote hii ukiniita mlelewa mbele za watu. Mimi bado ni yule ng'ombe uliyemkosa stesheni?" Hilja hakuacha kuchimba. Akasema, "Ng'ombe ningemrudisha." Basi. Akaniambia niokote jembe.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichoambiwa siku ile. Alipokufa, shamba lile aliliacha kwa maneno yake mwenyewe, "kwa mlelewa wangu Aune", wala mpwa wake aliyelimezea mate hakuambulia kiazi. Na ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo za kanisani nikakuta ameandika, tarehe ile ya stesheni: *Aune, miaka minane, mlelewa. Amekuja na mfuko mmoja.* Nieleweni vizuri, sikulia. Nilikwenda kukamua ng'ombe.

Unakumbuka, Urho, ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba ya watoto wasio na kwao. Wakati wa baridi walisimama kwenye uzio wakiwatazama watoto wenye wazazi wakiteleza ziwani. Mimi na Eino, mume wangu, Mungu amweke pema, tukakubaliana shamba liwe uwanja. Nikaandika karatasi: *Shamba hili nalitoa kwa klabu kwa ajili ya walelewa, wateleze hapo bure. Siku ambayo hakuna mlelewa anayeteleza hapo, shamba lirudi kwangu au kwa warithi wangu.* Kisha Eino akaanza kulitengeneza, na barafu ya Eino haikuwa ya kumwaga maji na kwenda zako. Alimwaga maji ya moto, tabaka jembamba kama karatasi, akasubiri likaze, akamwaga tena, wiki nzima na pipa na mpira wa maji, ndevu zake zikiwa zimeganda nyeupe. Maji baridi huganda na mapovu, yakavunjika chini ya miguu. Ya moto hushikana na ya jana.

Siku ya ufunguzi huyu bwana Urho, aliyekuwa mwenyekiti, kijana mwenye tai, alipanda juu ya kreti la soda akaisoma karatasi yangu mbele ya watu. Akasema, "Bi Aune Pesonen ametoa shamba kwa walelewa wa klabu, vijana tunaowalea sisi wenyewe, wachezaji wa kesho!" Watu wakapiga makofi. Eino akanitazama. Mimi nikamtazama Urho. Akafunga lango akaweka kitasa, waingie wanachama tu, na watoto wa ng'ambo wakabaki kwenye uzio mpya badala ya ule wa zamani.

Nilimfuata. Nilimwambia, "Urho, wewe umesoma mpaka mjini, hujui mlelewa ni nani?" Akanijibu, unakumbuka? Usikohoe, jibu. Haya, nitasema mimi. Akanijibu, "Mama, klabu inalea vipaji. Anayelelewa ni mlelewa. Ulitaka kusema nini kingine?" Na mimi, mwenye ulimi ambao mnaujua, siku hiyo nilikosa la kusema, kwa sababu kuyasema mengine ilikuwa ni kusimama mbele ya mji mzima na kusema mimi mwenyewe ni nani. Nikarudi nyumbani nikachukua koleo la Eino, nikaukata uzio pale karibu na choo, tundu la kupita mtoto. Waliingia kumi na wanne. Urho alipofika mbio, mmoja wao, msichana Sirkka, mwenye viatu vya kutelezea vya kuazima vilivyojazwa magazeti, alikuwa amekwisha kuwanyang'anya wana wa Urho wote wawili kile kisahani cha mchezo na kuwafungia mabao sita. Urho akasimama. Akasema, "Huyo ni wa nani?" Nikamwambia, "Ni mlelewa, kama ulivyosoma." Kesho yake kitasa hakikuwapo.

Nimekuwekea kinyongo miaka hamsini na moja, Urho. Kwenye mazishi ya Eino nilikunyima keki ya katikati, nilikupa kipande cha pembeni. Leo nakusamehe, na si kukusamehe tu, nakushukuru. Ndiyo, Heli, andika, anashukuriwa, aone kwa macho yake. Maana kosa lako liliotesha kitu ambacho usahihi wangu usingeotesha. Kwa kuogopa shamba lisije likarudi kwangu, uliweka kanuni kwamba hakuna mechi ya Hukat itakayochezwa bila wachezaji watano waliolelewa hapahapa. Timu nyingine zilinunua wachezaji waliokwisha kupikwa, sisi tukang'ang'ana na wabichi. Tulifungwa misimu mingapi! Watu walinipigia kelele dukani, "Aune, neno lako linatuua!" Baadaye wale wabichi wakaiva, wakaanza kuulizwa na dunia, na leo tajiri haji kwa sababu ya ukumbi wetu wenye kutu, anakuja kwa sababu ya walelewa. Anataka maziwa, Osmo, ng'ombe hamjui.

Sasa nimefika kwako, mwanangu.

Wakili wa kusini hakulitoa kichwani mwake wazo la kunishika kwa neno langu. Wewe ulimwambia. Wewe ulikaa mezani hapa ukiwa mdogo ukatusikia mimi na Eino tukimcheka Urho, ukajua mama alimaanisha watoto wa nyumba ya ng'ambo, iliyofungwa mwaka tisini na moja. Ukamleta jikoni kwangu. Akanywa vikombe vitatu, akala keki mbili, akaweka karatasi juu ya blanketi langu na sauti yake ya asali: "Bibi, hatukuombi useme uongo. Sema tu ukweli. Ulimaanisha wachezaji, au watoto wasio na kwao?" Kwa sababu nikisema watoto, na nyumba yao haipo, basi shamba limekwisha kurudi kwetu zamani, na warithi wangu wanaweza kumuuzia tajiri. Alijua kunishika. Alikuwa ameambiwa na mtu anayenijua kwamba mimi sisemi uongo hata kwa kasisi.

Sikukasirikii madeni ya duka lako, Osmo, duka huwa linamshinda mtu. Nakasirika kwamba hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia. Inua kichwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukimsaidia baba yako kuvuta mpira wa maji, mikono imekufa ganzi, hukulalamika hata mara moja. Mtu wa namna hiyo hapotei kabisa, hupotea kidogo tu. Nimekusamehe kabla hujaingia mlangoni. Sauna bado ni yako.

Maji. Kidogo. Imetosha, Raili, sitaki kuoga.

Siku tatu nimekaa na karatasi ya wakili. Ukweli ni kwamba nilimaanisha watoto wasio na kwao. Andika, Heli: nilimaanisha watoto wasio na kwao, na Urho alinisoma vibaya. Usishtuke, Urho, kaa. Aapeli, tulia. Aapeli, mwanangu, nenda kabatini, kilete kile kitabu cha nyimbo chenye jalada lililoshonwa na uzi wa jezi. Fungua mwanzo. Soma. Kwa sauti, unapiga kelele uwanjani na hapa unanong'ona?

Ndiyo. Huyo ni mimi, mkono wa Hilja. Chini yake ni nani? Sirkka, alikuja kulala kwangu nyumba ya ng'ambo ilipojaa. Endelea. Hao wawili ni wavulana wa mwaka tisini na moja; nyumba ilipofungwa walibaki ngazini na mifuko yao, gari la kuwapeleka lilikuwa halijafika, na mimi sikulisubiri. Eino alinung'unika njia nzima, kisha akawachongea magongo. Wote wawili walicheza. Halafu klabu ikaona nyumba yangu ina vitanda, ikawa inaniletea kila mwaka vijana wa mbali ambao mama zao wako safari ya siku nzima. Soma, usiruke. Kila jina nimeliandika usiku wa kwanza, baada ya kula, kama Hilja. Hesabu. Thelathini na manane. Wa mwisho nani? Santtu, miaka kumi na saba, na wewe Aapeli, kumi na sita, umetoka mwisho wa kaskazini kwa wafugaji wa kulungu, ukanyamaza wiki mbili nzima nikadhani wamenitumia bubu. Kando ya kila jina pameandikwa nini? *Amekuja na mfuko mmoja.*

Sikujua kwamba nilikuwa naandika ushahidi. Nilikuwa naandika tu.

Kwa hiyo Heli, andika hivi, neno kwa neno, na wakili alisome akiwa amekaa. Mimi Aune Pesonen, mwenye akili zangu, nasema kwamba mlelewa katika karatasi yangu ni mtoto aliye mbali na kwao, aliyefika kwenye mlango wa mtu na mfuko mmoja, akalishwa, akakaripiwa, akaangaliwa mpaka akaweza kwenda. Sikusema amezaliwa na nani. Sikusema analala nyumba ipi. Tangu mwaka sitini na nane haujapita msimu wa baridi hata mmoja ambao mlelewa wangu hakuteleza juu ya shamba lile, na majina ni haya. Shamba halijarudi kwangu, wala halitarudi. Haki yangu ya kurudishiwa naifuta, nalitoa moja kwa moja kwa chama cha watu wa Kuusiranta, timu ikiuzwa au isiuzwe, mwenye mali awe nani au nani, kwa sharti moja la kwamba lango lisifungwe kwa mtoto. Hiyo haigusi fungu la urithi la wanangu, nimemuuliza anayejua. Na tajiri akitaka kubaki mshirika, aje aonje barafu yetu, tutampa kahawa. Akitaka kuhama, ahame na nusu yake ya makaratasi.

Umeandika? Urho, tia jina. Kwa herufi zinazosomeka, safari hii.

Sasa nimechoka… Santtu, wewe na mwenzako mkipata kwenda mbali, nchi za wale wenye madaftari, nendeni. Sikuwalea mnikalie. Ila msiende kwa kuchukuliwa. Ondokeni na mifuko miwili, mmoja mliokuja nao na mmoja niliowajazia… soksi za sufu ziko kwenye kapu, jozi nne, zile za kijivu ni za Aapeli, miguu yake hupata baridi. Na kitabu kibaki humu. Raili, kitanda cha juu kisikae kitupu. Ukimpata wa kuja, mlishe kwanza, ndipo uandike.

Raili, nimekuita siku zote "binti yangu" kwa sababu mimi nililililia neno hilo. Sijui kama ulilihitaji. Pengine ulihitaji niketi nawe zaidi… na mimi nilikuwa nashona jezi. Nashukuru hukuhesabu.

Nashukuru. Nilishushwa kwenye treni pamoja na mifugo, nikamaliza miaka yangu kwa kelele za vijana ngazini, harufu ya glovu zao zilizolowa, sahani zinazorudi tupu. Nani mwingine… Eino atakuwa ananingoja na pipa lake, atasema nimechelewa.

Kwenye jiwe la kaburi liandikwe, chini ya jina la Eino. Jina langu. Na chini yake, msiweke maua ya kuchongwa, wekeni neno moja. Mlelewa. Watu wa hapa watajua. Wasiojua waulize.

Mungu awaangalie… nyote. Waliozaliwa na… walioletwa. Osmo, mkono wako. Bado una ganzi? …Haya.

Saa ngapi? Mazoezi saa kumi. Nendeni, kocha hatangoja kwa sababu ya kikongwe. Nendeni niwasikie mkishuka ngazi, mshuke kama mnavyoshuka, kama ng'ombe… Ndiyo. Hivyo.

Mlango…

Hapana, Santtu. Uache wazi tu.